Gereji ya Ncha ya Kusini



Mwaka 1956 watu wanane walipitisha majira ya baridi ya Antaktika ndani ya kasha la gari. Si ndani ya gari. Ndani ya kasha, lile sanduku la mbao ambamo gari lilifungwa likapandishwa melini. Humo ndimo walimopikia na kulia chakula, na humo ndimo walimokaa wakipasha vidole moto. Saa ya kulala ikifika walitoka wakaingia kwenye mahema yao, huko nje, penye baridi ya makumi ya nyuzi chini ya sifuri. Nasema saa ya kulala, sisemi usiku, kwa sababu majira hayo huko ni usiku mtupu. Jua likizama, limezama kwa miezi.

Watu hao hawakuwa wamepotea. Walikuwa kundi la kutangulia la msafara wa Jumuiya ya Madola, msafara uliokusudia kulivuka bara la Antaktika kutoka pwani moja hadi nyingine, kupitia Ncha ya Kusini, huku wataalamu wakipima unene wa barafu njia nzima. Meli yao, Theron, iliwateremsha ukingoni mwa Bahari ya Weddell ikiwa na haraka ya kugeuza kabla bahari haijaganda ikainasa. Mizigo ikashushwa juu ya barafu ya baharini, ikarundikwa hapo ili isombwe taratibu kwenda kituoni. Mwezi wa Machi ikapiga dhoruba. Ilipotulia, barafu ile ilikuwa imemeguka na kwenda zake, na mizigo juu yake: mamia ya mapipa ya mafuta, makaa ya mawe, hata trekta. Nyumba ilikuwa bado fremu. Kasha la gari ndilo lililobaki limesimama, basi wakahamia humo.

Nimeanza na kasha kwa makusudi. Habari za ncha za dunia tumezoea kusimuliwa kama habari za mashujaa: mtu kasimama kifua mbele, bendera mkononi, ndevu zimeganda. Leo nataka twende nyuma ya pazia, kwenye gereji. Madai yangu ni haya: msafara wa namna hii huwa umeshashinda au umeshashindwa kabla ya mguu wa kwanza kukanyaga theluji, na mtu anayeamua ni fundi. Tatizo ni kwamba fundi mara nyingi huitwa baada ya mambo kwisha kuamuliwa na wengine.

Kiongozi wa msafara huo wa miaka ya 1950, Vivian Fuchs, hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Alikuwa mtaalamu wa miamba, na kabla ya kwenda Antaktika alizunguka maziwa yetu. Mwaka 1934 aliongoza uchunguzi kwenye Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana, na huko wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda kisiwa cha kusini wasirudi tena. Hawakuonekana mpaka leo. Miaka michache baadaye alikuwa Rukwa, Tanganyika. Kwa hiyo alipokuja kupanga safari ya kuvuka Antaktika, alikuwa mtu anayejua maana ya kuwa mahali ambapo msaada haufiki. Mimi naona jambo hilo linaonekana katika maandalizi yake, na tutalifikia.

Lakini kwanza turudi nyuma, kwa Robert Scott, Mwingereza aliyefia njiani akirudi kutoka nchani, maana kosa la Scott lina mafundisho kuliko ushindi wa wengi.

Scott alipojiandaa kwenda Ncha ya Kusini mwaka 1910, aliagiza sleji tatu za injini kutoka kiwanda cha Wolseley, Birmingham. Zilikuwa na minyororo kama ya tingatinga, na hilo wakati ule lilikuwa jambo jipya kabisa. Zilipelekwa Norwe kujaribiwa kwenye theluji, zikaonekana zinafaa. Mtu aliyezilea tangu zilipokuwa mchoro alikuwa Reginald Skelton, afisa mhandisi wa jeshi la majini ambaye alikwisha kufuatana na Scott Antaktika safari ya kwanza. Ungetarajia kwamba mtu huyo ndiye wa kwanza kupewa nafasi melini. Hakupewa. Cheo chake kilikuwa kikubwa, na msaidizi wa Scott, Edward Evans, hakupenda kuwa na afisa wa cheo cha namna hiyo chini yake. Skelton akaachwa Uingereza. Mashine zikaenda, aliyezijua akabaki.

Moja haikufanya hata kazi ya siku moja. Ilipoteremshwa melini Januari 1911 na kuvutwa juu ya barafu ya baharini, barafu ikapasuka, ikazama nzima nzima. Zikabaki mbili. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo zikaondoka na mizigo, zikiongozwa na Evans, fundi Bernard Day, William Lashly na kijana mmoja msaidizi. Mwanzoni mwa Novemba zote mbili zilikuwa zimeshaachwa njiani, na wale wanaume wanne wakajifunga kamba vifuani wakavuta mizigo wenyewe.

Kilichoziua ni nini? Joto. Ndiyo, msikilizaji, joto, huko huko penye barafu. Injini zile zilipozwa kwa hewa. Zilikuwa zinavuta mzigo mzito kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo upepo wa kuzipoza haukuwepo wa kutosha, na silinda za nyuma ndizo zilizoungua zaidi. Mafundi wakawa wanasimama kila baada ya mwendo mfupi ili injini ipoe. Ikishapoa, kabureta nayo imekuwa baridi mno, petroli haigeuki kuwa mvuke, injini haiwaki mpaka kabureta ipashwe moto. Ukienda unaungua, ukisimama unaganda. Mwisho beringi za koneksheni zikapasuka, na spea za kutosha hazikuwepo. Hayo ni mambo ambayo mhandisi aliyezilea angeweza kuyapigania mapema, mezani, karatasi na penseli mkononi. Alikuwa Uingereza.

Na kuna kosa dogo zaidi, dogo hata unaona haya kulitaja kwenye habari ya vifo vya watu. Madebe ya mafuta ya taa ya Scott yalikuwa na vifuniko vyenye washa za ngozi. Baridi na jua la kiangazi viliiharibu ngozi, mafuta yakavuja kidogo kidogo, yakayeyuka. Waliporudi kutoka nchani mwaka 1912, wamechoka, wamekonda, wakawa wanafika kwenye akiba moja baada ya nyingine wanakuta mafuta pungufu. Bila mafuta hakuna chakula cha moto, na huko bila mafuta hakuna hata maji ya kunywa, kwani maji ni barafu mpaka uiyeyushe. Mafuta pungufu si sababu pekee ya kifo chao, lakini ni mojawapo. Roald Amundsen, Mnorwe aliyewatangulia kufika nchani Desemba 14, 1911, madebe yake yalizibwa kwa risasi ya kuunganishia bati. Na majira yote ya baridi kabla ya safari, watu wake walikaa kwenye karakana walizochimba chini ya theluji, Olav Bjaaland akiranda sleji mpaka zikapungua uzito chini ya nusu. Hakuna anayesifiwa kishujaa kwa kuranda mbao. Lakini ndiyo kazi iliyofika nchani.

Sasa niruhusuni niwapeleke Chicago, mwaka 1939, kwenye habari ambayo mimi huipenda sana ingawa ni ya aibu.

Wamarekani, chini ya Admirali Richard Byrd, walikuwa wanaandaa msafara mkubwa, na mwanasayansi Thomas Poulter akabuni gari la kumaliza magari yote. Urefu wake karibu mita 17. Uzito tani zaidi ya 30. Ndani yake vyumba vya kulala, jiko, maabara, karakana. Juu ya paa limebeba ndege! Magurudumu yake manne yalikuwa ya kimo cha mita 3 kila moja, na kila gurudumu lilisukumwa na mota yake ya umeme. Liliundwa kwa haraka, wiki chache tu, kisha likaendeshwa kwa barabara hadi bandari ya Boston, watu wamejazana kando ya njia kulitazama. Huko Ohio likaserereka darajani likaingia kwenye kijito, likakaa hapo siku kadhaa. Dalili hiyo haikusomwa.

Januari 1940 likafika Antaktika. Lilipoteremka melini ngazi ya mbao ikavunjika chini yake. Likagusa theluji, na hapo mwisho wa sifa ukawa umefika. Matairi yalikuwa laini, hayana meno hata kidogo. Yakazunguka mahali pale pale na kudidimia. Wakafunga matairi mawili ya akiba mbele, yawe mawili mawili. Wakafunga minyororo nyuma. Nafuu kidogo. Kisha wakagundua kwamba linakwenda vizuri zaidi likirudi rivasi. Basi safari yake ndefu kuliko zote, ya kilomita 148, lilikwenda kinyumenyume. Baada ya hapo likageuzwa nyumba, likafunikwa na theluji. Na kwa haki, kama nyumba lilikuwa zuri sana.

Kasoro ya gari lile haikuwa ukosefu wa akili. Wabunifu wake walikuwa na akili nyingi. Kasoro ilikuwa kwamba halikuwahi kukanyaga theluji hata siku moja kabla ya kufikishwa mahali ambapo hakuna pa kulirudisha. Michoro haina matope.

Kabla hatujaendelea, tuone hasa baridi inafanya nini kwenye chombo. Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake. Baridi ikizidi nta inajitenga, inaziba chujio, na injini inazima ingawa tangi limejaa. Ndiyo maana leo vituo vya Antaktika hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya ndege, ambayo huvumilia baridi kali. Oili inakuwa nzito mpaka stata inashindwa kuizungusha injini, na hapo hapo betri nayo imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, yaani kazi imeongezeka wakati mfanyakazi amedhoofika. Mpira unakuwa mgumu, sili zinavuja, mipira ya haidroliki inapasuka. Chuma cha kawaida kinapoteza uvumilivu. Kishikizo ambacho kwetu kingepinda, huko kinakatika. Theluji inayopeperushwa na upepo ni laini kama unga, na inapenya kila tundu. Ukiacha boneti na mwanya wa kidole usiku mmoja wa dhoruba, asubuhi chumba cha injini kimeshindiliwa.

Halafu kuna mkono wa fundi. Nati ndogo haishikiki kwa glavu nene. Ukivua glavu, chuma kinanasa ngozi, na dakika chache tu vidole vimekufa ganzi. Kwa hiyo anayeandaa gari la ncha hajiulizi tu kama gari litafanya kazi. Anajiuliza: likiharibika, mtu aliyevaa glavu atafikia boliti ile? Wasovieti walilielewa hilo vizuri. Gari lao kubwa Kharkovchanka, lililoundwa Kharkov juu ya msingi wa trekta la kuvutia mizinga, lilipangwa hivi kwamba mafundi waweze kuitengeneza injini wakiwa ndani, penye joto, bila kutoka nje. Magari hayo yalifika Ncha ya Kusini Desemba 1959. Kumbukeni Wasovieti ndio waliokuwa na kituo cha Vostok, mahali ambapo Julai 21, 1983 kipimajoto kilisoma nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Penye baridi ya namna hiyo huendi na maneno.

Turudi kwa Fuchs na watu wake. Msafara ulikuwa na pande mbili. Upande wa Bahari ya Weddell, Fuchs mwenyewe, na magari aina ya Sno-Cat kutoka kiwanda cha Tucker, Oregon. Upande wa pili, Bahari ya Ross, Edmund Hillary wa Nyuzilandi, yule aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953. Kazi ya Hillary ilikuwa kuweka akiba za mafuta na chakula ili Fuchs azikute akitokea nchani. Na Hillary alikuwa na nini? Matrekta ya Ferguson.

Hapa mkulima anayenisikiliza atakaa vizuri kitini. Ferguson, ndiyo, ukoo ule ule wa Massey Ferguson ambao umelima Arusha, Uasin Gishu na Mbeya. Yale ya Hillary yalikuwa TE20, matrekta madogo ya nguvu za farasi 28 hivi, yaliyoundwa kulima mashamba ya Uingereza. Yalipelekwa Antaktika kwa ajili ya kusomba mizigo kituoni. Hakuna aliyeyaangalia akasema, haya yatakwenda nchani.

Lakini Hillary alikuwa na mafundi wawili, Murray Ellis na Jim Bates, na majira mazima ya baridi ya mwaka 1957 ndani ya gereji ya kituo chao, Scott Base. Trekta lile likafungwa minyororo kuzunguka magurudumu ya mbele na nyuma, na gurudumu la ziada katikati ili mnyororo usilegee. Dereva akazungushiwa turubai, angalau upepo umpige kwa adabu. Kwa vifaa walivyokuwa navyo wakaunda kibanda cha kuburuta juu ya sleji, cha kulala, kupikia na kuwekea redio. Na uzuri wa trekta lile ni kwamba halikuwa na siri. Kila kitu chake kinaonekana, kinafikika, kinafunguka kwa spana chache, na spea ya hili inaingia kwenye lile bila kubembeleza.

Wakaondoka Oktoba 14, 1957. Penye nyufa za barafu waliyafunga matrekta pamoja kwa kamba nene, moja nyuma ya jingine, ili likitumbukia la mbele yaliyo nyuma yalizuie. Walikuwa na gari jingine la theluji, Weasel, lililobuniwa kwa kazi hiyo hiyo. Hilo likafa njiani, wakaliacha. Matrekta ya shamba yakaendelea. Walipomaliza kuweka akiba, Hillary akaona mafuta yapo, njia ipo, akaamua kuendelea mpaka nchani, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango na ambalo liliwaudhi wakubwa wa msafara. Januari 4, 1958 matrekta matatu yakafika Ncha ya Kusini, magari ya kwanza kabisa kufika huko kwa kutambaa juu ya barafu, na mafuta yaliyobaki hayakutosha hata kuringia.

Watu hulisema jambo hilo kama kichekesho: trekta la shamba limepita mitambo ya maana. Mimi sioni kichekesho. Naona mafundi wawili waliokaa gizani miezi kadhaa na chombo wanachokifahamu.

Lakini nisiwadhulumu wa upande wa pili. Sno-Cat lilikuwa gari la kweli. Lilikuwa na injini ya V8 ya Chrysler, na badala ya magurudumu lina miguu minne, kila mguu una mnyororo wake na unapinda peke yake kufuata ardhi. Fuchs alikuwa na wahandisi David Pratt na Roy Homard, na walikuwa na kazi isiyokwisha: kufungua, kuchomelea, kukaza, mara nyingi nje kwenye upepo. Njia ya kutoka Shackleton, kituo chao cha pwani, ilijaa nyufa zilizofunikwa na theluji nyembamba. Siku moja gari la Fuchs mwenyewe, lililopewa jina Rock 'n Roll, likafunua ufa katikati ya safari. Miguu ya mbele ikaning'inia hewani, ya nyuma imeshika ukingo kwa ncha tu, chini yake giza la rangi ya buluu. Fuchs na mwenzake wakatoka polepole, wakikanyaga minyororo. Magari mengine yakafungwa nyaya za chuma, mengine ya kuvuta, jingine la kuzuia upande wa pili ili likija lisije kwa kishindo, na baada ya masaa likatoka, likaendelea na safari. Picha ya gari hilo linaning'inia imezunguka dunia nzima. Ninachokitazama mimi kila nikiiona ni nyaya: mtu fulani, Uingereza, aliketi akaandika kwenye orodha urefu wa waya na uzito utakaobeba, kabla hajaona ufa wowote.

Kuna jambo jingine lililokuwa kwenye hesabu zao ambalo mwenye gari yeyote atalisikia moyoni. Walijua tangu mwanzo kwamba baadhi ya magari hayatarudi. Mafuta yakipungua, mzigo umepungua; mzigo ukipungua, magari machache yanatosha; basi lile chakavu zaidi linafunguliwa spea za maana na kuachwa pale pale. Ndivyo walivyoziacha Weasel zao na gari lao la aina ya Muskeg, moja moja, na magari manne ya Sno-Cat ndiyo yaliyomaliza.

Walifika nchani Januari 19, wamechelewa. Hillary alikuwa amekwisha kumpa Fuchs ushauri: simamisha safari nchani, ondoka kwa ndege, rudi umalizie mwaka ujao, maana baridi inakuja. Fuchs alikataa. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba kuvuka kutachukua siku 100. Machi 2, 1958 wakaingia Scott Base, kilomita 3,473 tangu kuondoka, siku ya 99. Ukitaka kujua kwa nini alikuwa na uhakika, usitafute kwenye ushujaa wake. Tafuta kwenye madaftari ya mafuta.

Hata hivyo kidogo wampoteze mtu, tena si kwa ufa. Mwezi wa Februari Geoffrey Pratt, mpimaji wa barafu, alikutwa amelegea ndani ya gari lake. Moshi wa ekzosi ulikuwa unapenya ndani, na yeye amejifungia dhidi ya baridi kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Ndege za Wamarekani zikaja kudondosha oksijeni, akapona. Katika nchi hizi zetu kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu ni ile ile, haina rangi wala harufu.

Siku hizi mambo yamebadilika kwa sura. Kila kiangazi cha huko msafara wa matrekta makubwa ya Marekani hutoka McMurdo, pwani, kwenda nchani, zaidi ya kilomita 1,600. Yanavuta mafuta, lakini si kwenye matangi ya chuma. Mafuta yamo kwenye mifuko mikubwa iliyolazwa juu ya mashuka mapana ya plastiki ngumu yanayoteleza juu ya theluji. Jambo hilo rahisi, kuondoa chuma na kuweka plastiki, limeongeza sana mzigo ambao trekta moja linaweza kuvuta. Mbele ya msafara hutangulia gari lenye mlingoti mrefu, mwishoni umefungwa rada inayochungulia chini ya theluji. Nyufa za eneo baya zaidi zilitafutwa moja moja, zikalipuliwa vifuniko vyake kwa baruti, zikajazwa theluji kwa tingatinga kabla njia haijafunguliwa.

Na kuna kazi moja ya maandalizi ambayo Scott wala Fuchs hawakuijua: kuosha. Tangu Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, Antaktika ni hifadhi, na chombo hakiruhusiwi kuingia na udongo wa nyumbani. Mbegu moja ya nyasi iliyojificha kwenye mnyororo wa tingatinga, mdudu mmoja kwenye kasha la spea, ni hatari kwa bara ambalo halijazoea viumbe vya kigeni. Basi fundi analala chali chini ya gari bandarini, brashi mkononi, anachokonoa matope kwenye maungio, anavuta vumbi kwenye viti kwa mashine. Trekta jipya kutoka kiwandani nalo huoshwa, kwa sababu liliegeshwa uwanjani, na uwanja una majani.

Afrika ina kituo chake huko. Afrika Kusini ina SANAE IV, kimejengwa juu ya mwamba zaidi ya kilomita 150 kutoka ukingo wa barafu, na meli yao, SA Agulhas II, huondoka Cape Town karibu na mwisho wa mwaka. Kundi la watu wachache hubaki kule majira yote ya baridi. Ukitazama kazi zao utaona mtaalamu wa hali ya hewa, daktari, watu wa fizikia ya anga. Na utaona mafundi wa dizeli na wa umeme. Bila jenereta hakuna joto, na bila joto daktari hana wa kumtibu isipokuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo nafasi za mafundi hutangazwa pamoja na za wanasayansi, na anayepewa kazi hupitia mafunzo kabla ya kupanda meli.

Mtu huyo atakaa huko mwaka mzima na zaidi. Majira ya giza atayaingiza magari gerejini, ayafungue, ayabadilishe beringi, achomelee sleji zilizopasuka, na kila akifanya hivyo ataandika: chujio ngapi zimebaki, sili ngapi, mikanda ya saizi gani. Hesabu hiyo hutumwa Cape Town kabla ya meli kupakiwa. Kwa wengine ni karatasi ya stoo. Kwake yeye ndiyo orodha ya vitu atakavyokuwa navyo duniani mpaka meli ije tena, na kwa kawaida meli huja mara moja kwa mwaka.